Kebo ya Mia na Hamsini

Stima ilipotea saa mbili usiku, nikiwa nimebakisha aya tatu kumaliza kazi ya mteja. Simu ilikuwa na asilimia nne. Laptopu yangu, mtumba niliouziwa na jirani aliyekuwa akihama, ilikuwa na chaji ya kutosha, kwa hivyo nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya stima ikipotea: nikachomeka simu kwenye laptopu. Kebo ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeinunua jioni ile ile mjini kwa shilingi 150, kwa kijana aliyezitandaza juu ya gunia karibu na steji. "Hii ni orijino, bosi," aliniambia. "Inachaji haraka, utarudi kunishukuru."

Kuhusu haraka hakunidanganya. Kabla sijamaliza aya moja, simu ilikuwa imefika ishirini. Halafu nikasikia harufu ya plastiki inayoanza kuiva, na laptopu ikazima kana kwamba nayo imekatiwa stima. Haikuwaka tena.

Kesho yake nilimpelekea fundi wangu, ambaye ana kibanda cha ukubwa wa kabati ghorofani, Luthuli Avenue. Aliifungua, akainusa, akaniuliza swali moja tu: "Ulikuwa umechomeka nini?" Nikampa ile kebo. Akapasua plastiki ya upande ule mwembamba unaoingia kwenye simu, akagusa ndani kwa ncha za mita yake, akasoma namba, akacheka kidogo bila furaha.

"Kumi," akasema. "Ilipaswa kuwa hamsini na sita. Ndugu yangu, hii kebo ni mwongo."

Nimekuwa nikiitafuna sentensi hiyo kwa wiki kadhaa sasa. Waya hauna mdomo wala nia. Utasemaje ni mwongo? Niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa tatu, kwa hivyo mambo haya naelewa nusu, na nusu nyingine hujifunza usiku bando likiruhusu. Lakini kadiri nilivyozidi kusoma, ndivyo nilivyoona kwamba fundi hakuwa anapamba maneno. Alikuwa ametaja kosa kwa jina lake.

Wacha nieleze. Ukifika kwa mtu hupigi mlango teke. Unabisha hodi, unangoja, mwenyeji anauliza ni nani, mnajuana, ndipo unakaribishwa. Vifaa vinavyotumia USB-C, lile tundu dogo la mviringo lililo kwenye simu nyingi leo, hufanya vivyo hivyo. Ndani yake mna pini 24, na baadhi ya hizo kazi yake si kupitisha picha wala nyimbo. Ni za kubisha hodi. Kabla umeme wa maana haujapita, upande unaotoa na upande unaopokea hujulishana: wewe ni nani, una kiasi gani, nichukue ngapi? Umeme huanza na volti 5, na haupandi zaidi ya hapo mpaka wawili hao wapatane.

Jibu rahisi kuliko yote hutolewa na kidude kinachoitwa rezista, kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho kazi yake ni kuuzuia umeme kidogo. Kikiwa cha kilo-omu 56, simu inaelewa: huyu ni mtu wa kawaida, usimkamue. Kikiwa cha 22, simu inajua inaweza kuvuta ampea moja na nusu. Kikiwa cha 10, simu inaambiwa: kunywa ampea tatu, zipo.

Sasa, tatizo ni lile tundu la zamani la mstatili, lililo kwenye laptopu kama yangu. Halina pini ya kubishia hodi. Ni bubu. Kwa hivyo walioandika kanuni waliamua kwamba ukiunganisha tundu la zamani na simu mpya, kebo ndiyo itazungumza kwa niaba ya tundu. Na kwa sababu kebo haijui inachomekwa wapi, kwenye chaja kubwa au kwenye laptopu ya mtumba, wakaipa jibu moja tu inaloruhusiwa kutoa: 56. Sema kidogo. Usiahidi kwa niaba ya mwenzako kitu ambacho hujui kama anacho.

Kebo yangu ilisema 10. Simu ikaamini, ikavuta. Laptopu haikuulizwa.

Swali lililonifuata nyumbani ni hili: nani aliamua 56? Na kwa nini mimi, fundi wangu, yule kijana wa gunia na kiwanda ambacho hakikuandika hata jina lake kwenye pakiti, sote tuwe chini ya namba hiyo?

Jibu la kwanza ni la kihistoria. Nyuma ya kompyuta za zamani kulikuwa na tundu la kibodi, tundu la printa, tundu la modemu, kila moja na umbo lake na kero zake. Katikati ya miaka ya tisini, kampuni saba ziliketi pamoja: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Hazikuwa marafiki. Compaq na IBM ziligombania wateja wale wale. Lakini kila moja iliona kwamba mtu wa kawaida akishindwa kuunganisha printa yake, hatalaumu printa, ataacha kununua kompyuta. Toleo la kwanza la USB lilitoka Januari 1996. Wakaunda chama kisicho cha faida cha kuilea, USB-IF, ambacho leo kina wanachama zaidi ya elfu moja.

Kazi yenyewe haina mvuto wa sinema. Kampuni chache zilizo mbele huandika rasimu. Wengine hupewa waisome na kuikosoa, chini ya mkataba wa kutunza siri. Wanasheria hawakai mbali, maana washindani wakikutana chumba kimoja wakaanza kupanga bei, huko Marekani hilo ni kosa la jinai. Kisha kuna warsha ambapo wahandisi huja na vifaa vyao, wakavichomeka kimoja kwa kingine kuona nani anakataa kuongea na nani. Kinachofeli hakitangazwi, mwenyewe anarudi nacho akakirekebishe. Na anayetaka kutengeneza hutia sahihi ahadi: uvumbuzi wangu ukiwa lazima katika kanuni hii, sitawadai nyinyi wenzangu ada, nanyi hamtanidai.

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoamua mengi. Apple ilikuwa na kiunganishi kingine, FireWire, chenye kasi ya megabiti 400 kwa sekunde wakati USB ilikuwa na 12. Kwa kasi, hayo si mashindano. Lakini mwaka wa 1999 ikajulikana kwamba Apple inataka dola moja kwa kila tundu. Baadaye ada ikashushwa hadi senti 25 kwa kifaa. Watengenezaji walikuwa wameshapiga hesabu. Leo FireWire utaipata kwenye droo ya mtu aliyewahi kuhariri video za harusi. Kilichoshinda ni kile ambacho wapinzani waliweza kukiamini kwamba hakitawageukia.

Mtindo huo haujabadilika. Mwaka wa 2024, AMD, Broadcom, Cisco, Google, HPE, Intel, Meta na Microsoft zilitangaza muungano wa kuandika kanuni ya kuunganisha vichakataji vya akili bandia, UALink. Baadhi yao huuziana kesi mahakamani na kunyang'anyana wafanyakazi. Lakini Nvidia ilikuwa na kiunganishi chake, NVLink, na hakuna kitu kinachowaketisha washindani meza moja haraka kama kumwogopa mmoja asiyekuwapo mezani.

Sikuambii haya ili uwaone watakatifu. Nakuambia kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kanuni hutoka kwa serikali au kwa Mungu, na kumbe nyingi kati ya zile tunazozitii kutwa zilitoka kwa watu wasioaminiana waliochoka kupoteza pesa.

Jibu la pili si la kihistoria, ni la haki, na hapo ndipo nilipokwama. Kwenye bodi ya USB-IF miaka ya karibuni kuna Apple, HP, Intel, Microsoft, Renesas, STMicroelectronics na Texas Instruments. Hakuna hata moja ya bara letu. Ukitaka kutengeneza kifaa chako cha USB na kompyuta ikitambue kihalali, unahitaji namba ya mtengenezaji. Namba hizo zinaweza kuwa 65,536 tu, na moja bila uanachama ni dola 6,000, zaidi ya laki saba za kwetu. Kijana wa Kariobangi aliyebuni kipima unyevu wa udongo anataka kuuza ishirini. Atatoa wapi laki saba?

Si yeye peke yake. Huko nje, wabunifu wadogo wa vifaa huria waliwahi kuomba wapewe namba moja tu wagawane. Wakakataliwa. Mwishowe wengine walipata kimbilio kwenye namba 1209, ya kampuni iliyokuwa imeipata kabla masharti hayajakazwa, kisha ikafunga shughuli zake. Wanaishi kwa namba ya marehemu, kama watu wanaolima shamba ambalo hati yake bado ina jina la babu.

Na maamuzi ya meza huingia mpaka kwenye vidole vyako. Kumbuka ile flashi uliyoigeuza mara tatu ndipo ikaingia. Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel mzaliwa wa India ambaye alikuwa kinara wa kazi hii, amewahi kueleza kwamba walijua tundu linaloingia pande zote lingekuwa bora, lakini lingehitaji waya na saketi maradufu, na gharama ingepanda. Wakachagua bei nafuu. Labda walichagua vyema; bila bei nafuu huenda kanuni ingekufa changa. Lakini ni uamuzi kuhusu mkono wangu, uliofanywa nikiwa sijazaliwa, na hakuna sanduku la maoni lililopita kwetu.

Hata ukombozi wetu hutoka kwa kura za wengine. Mwaka wa 2009 Umoja wa Ulaya uliwaomba watengenezaji wa simu wakubaliane kwa hiari kuhusu chaja moja. Wengi walikubali, Apple ikaleta adapta. Mwaka wa 2022 wakatunga sheria: kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa kule ziwe na USB-C. Septemba 2023 iPhone 15 ikaja na USB-C. Leo katika matatu ya Rongai unaweza kumwazima mwenye iPhone mpya chaja yako, kwa sababu ya wabunge wa Brussels ambao hawaijui Rongai. Tunanufaika, sawa. Lakini kunufaika na kushirikishwa ni vitu viwili.

Basi nikaanza kumtetea yule aliyetengeneza kebo yangu. Nilimtetea kwa moyo, kwa sababu utetezi wake ulifanana na wangu. Nilimwazia akisema: hiyo meza sikualikwa. Kanuni zenu mlizitunga kulinda masoko yenu. Kiingilio chenu kinanizidi. Mbona basi nifungwe na namba yenu ya 56? Mkubwa anatunga sheria, mdogo anatafuta chakula. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kusimama nje ya chumba cha mtihani kwa sababu ya salio la karo anaujua wimbo huo.

Nilimpelekea fundi hoja hiyo, nikitarajia ataipenda, maana yeye pia hakuna meza iliyowahi kumwalika. Alikuwa anauchomelea ubao wa simu ya mtu na hakuinua macho.

"Kebo kama hii haihitaji hiyo namba ya dola elfu sita," akasema. "Hiyo ni ya vifaa. Na kanuni zenyewe si ziko mtandaoni bure? Mimi ninazo kwa simu."

Nikaangalia. Ni kweli. Hati za USB hupakuliwa bure na mtu yeyote. Unacholipia ni namba na nembo rasmi.

"Na rezista ya kumi na ya hamsini na sita," akaendelea, "bei ni ile ile. Mimi hununua kwa pakiti. Huyu hakuokoa hata senti. Aliweka kumi kwa sababu ukiona simu inaruka hivi utafurahi, utaambia mwenzako. Uongo wake haukuwa wa njaa. Ulikuwa wa kupendeza."

Hapo utetezi wangu ukaanza kunuka kama laptopu yangu.

Mambo ya kebo hizi hayakuanzia kwetu. Mwaka wa 2015, mhandisi mmoja wa Google, Benson Leung, alianza kununua kebo za USB-C kwenye Amazon kwa pesa zake, moja moja, akazipima na kuandika ni zipi zinafuata kanuni. Nyingi hazikufuata, zilikuwa na kosa hili hili la 10 badala ya 56. Mapema mwaka wa 2016 alichomeka moja iliyounganishwa vibaya kabisa, ikaiharibu kompyuta aliyokuwa akipimia. Machi mwaka huo Amazon ikapiga marufuku kebo za aina hiyo. Kinachonigusa ni kwamba kwa miezi kadhaa kanuni iliyoandikwa na kampuni kubwa duniani ililindwa na mtu mmoja mwenye kadi ya benki na subira. Chama kilikuwa kimeandika, kina nembo, kina maabara. Lakini hakuna askari anayesimama kwenye kila kebo. Kanuni ya namna hii huishi kwa sababu wengi wanasema kweli pale ambapo hakuna anayewaona.

Na tusiisaze meza yenyewe. Mwaka wa 2008 ilitoka USB 3.0, kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde. Toleo la 2013 lilipokuja, kitu kile kile kikaitwa USB 3.1 Gen 1. Lilipokuja la 2017, kikawa USB 3.2 Gen 1. Kasi ni ile ile, jina limekuwa la ujana zaidi. Kisheria hakuna uongo hapo. Yote yameandikwa kwenye hati. Lakini mama aliye dukani akimnunulia mtoto diski, akaona 3.2, atadhani amepata kipya. Mwaka wa 2022 chama chenyewe kilianza kuhimiza nembo zinazotaja kasi na nguvu waziwazi. Ni vyema. Ila inanishangaza: watu hawa hawa waliidai kebo iambie simu ukweli hadi kwenye rezista, na wao wakaona si neno kumwachia binadamu jina linaloteleza. Mashine ilipewa heshima ya kujua. Mnunuzi alipewa stika.

Kwa hivyo sina malaika wa kukuonyesha katika hadithi hii. Wala mimi.

Nilipoacha chuo sikumwambia mama. Nilikuwa na salio la karo, nilikuwa nimefeli masomo mawili, na siku moja nikaacha tu kwenda. Mama yuko Kitale, anauza maziwa. Kila mwezi alituma elfu nne, na kila mwezi nilimwambia, "Masomo yanaendelea vizuri, mama." Nilifanya hivyo zaidi ya mwaka. Nilikuwa na sababu, na sababu zenyewe hazikuwa za uongo. Karo sikuipanga mimi. Kwamba kijana ni mtu akiwa na digrii na si mtu akiikosa, hiyo kanuni sikuitunga, na waliotunga hawakuniuliza. Niliamini kwamba kanuni isiyo ya haki haidai ukweli wangu.

Nilichosahau ni kwamba mama alikuwa anavuta umeme. Kwa ile "vizuri" yangu alichukua mkopo kwenye chama chao cha akina mama, akasema mwanangu anamaliza Desemba, atalipa akianza kazi. Mahafali yalipokaribia akanipigia kuniuliza tarehe, maana tayari alikuwa ameshona nguo. Nikamwambia siku hiyo, kwa simu, nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Aliuza ng'ombe mmoja kati ya wawili kulipa chama.

Ungedhani nilijifunza. Sikujifunza. Nilipoanza kuandika makala za kulipwa kwa kila kipande, nilimwambia nimepata kazi ya kompyuta. Aliposema mdogo wangu anaingia gredi ya 10 na anamtegemea kaka yake, nikajibu, "Usijali, mama, elfu kumi kila mwezi nitatuma." Kuna miezi ambayo sijawahi kuziona elfu kumi zikiwa pamoja. Lakini ilikuwa raha kusikia sauti yake ikitulia. Simu iliruka kutoka asilimia nne hadi ishirini, na mimi nikafurahi kama yeye.

Hilo ndilo jibu nililolipata, na nalileta kwako kama mtu aliyelipia shilingi 6,500 za kutengeneza laptopu. Nilikuwa nauliza kama nina deni la ukweli kwa walioandika kanuni. Labda sina. Labda meza yao inastahili kupingwa, ipanuliwe, iwekewe viti vya Kariobangi na Kampala, namba zigawiwe kwa wanaobuni kwa mikono mitupu. Hayo tuyadai, na tuyadai kwa sauti. Lakini ile 56 haikuwa heshima kwa Intel. Ilikuwa neno kwa laptopu iliyo upande wa pili, ambayo haiwezi kujisemea. Intel haikuhisi chochote usiku ule. Aliyeungua ni mwenye kitu cha mtumba. Vivyo hivyo, nilipodanganya, wakuu wa chuo hawakuumia. Mama hakuwa kwenye meza iliyopanga karo, kama mimi tu. Alikuwa upande wa pili wa kebo.

Utaniambia kwamba kuna uongo wa kukataa dhulma, na nakubali. Watu wamewahi kuficha wakimbizi na kumwambia askari hapa hakuna mtu. Lakini uongo huo hubebwa na anayeusema, na askari ndiye anayekosa. Kipimo changu siku hizi ni hicho: neno langu likipasuka, litamwagikia nani? Kama ni yule mwenye meza, tunaweza kujadiliana. Kama ni mtu asiye na meza kama mimi, basi sijapinga chochote. Nimempokeza mzigo tu.

Jumapili nilimpigia mama. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kile ninachopata, mwezi baada ya mwezi, miezi sita. Nikamsomea. Nikamwambia ninachoweza bila kukosa ni elfu tatu, na ikizidi nitamwambia imezidi. Kulikuwa na kimya, nikasikia mfuniko wa kopo la maziwa ukifungwa.

"Baba," akasema, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "ungeniambia mapema. Hata kidogo hupangiwa."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba aseme. Tuliongea kuhusu sare za shule, ni zipi zinaweza kungoja.

Kebo mpya nilinunua kwa fundi, shilingi 600, baada ya kubishana kidogo hadi akanipunguzia hamsini. Kabla sijalipa nilimwambia aipime. Akaichomeka kwenye kidude chake, akanigeuzia nisome mwenyewe. Hamsini na sita. Kwenye laptopu inachaji polepole sana. Huwa naiacha usiku kucha.